Sahihi ya mahudhurio si ridhaa: majibu kwa wasomaji wa Tanga

Barua za safari hii zimetoka Muheza, Mkinga, Lushoto, Pangani na mjini. Karibu zote zinauliza jambo moja: kiongozi akiamua peke yake, sisi wananchi tumshike wapi? Mara nyingi pa kumshika ni kwenye daftari la muhtasari, kabla mambo hayajafika mbali. Tumetaja sheria kwa majina na miaka, si kwa vifungu, kwa sababu Toleo la 2023 lililoanza kutumika tarehe 1 Julai 2025 limebadilisha namba nyingi. Ukiandika barua, nawe fanya hivyo.

*Assalaam alaykum. Kijijini kwetu hatujasomewa mapato na matumizi tangu uchaguzi wa Novemba 2024. Tukiuliza tunaambiwa tusubiri mkutano, na mkutano wenyewe hauitishwi. (Mkulima wa machungwa, Muheza)*

Wa alaykum salaam. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inataka mkutano mkuu wa kijiji ukae angalau mara moja kila miezi mitatu. Kwa hiyo kijiji chenu kimeshavunja sheria, na hamna haja ya kuendelea kusubiri.

Andikeni barua kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji. Wengi humwandikia mwenyekiti na barua inaishia mfukoni mwake. Mtendaji ndiye katibu na mtunza kumbukumbu, hivyo yeye ndiye wa kuulizwa. Tajeni Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayompa mwombaji raia wa Tanzania haki ya kujibiwa kwa maandishi ndani ya siku 30. Msiombe "taarifa zote za fedha", maana ombi pana hivyo ni rahisi kulikwepa. Ombeni vitu vinavyoshikika, kwa mfano: stakabadhi za michango ya ujenzi wa darasa kuanzia mwezi fulani hadi fulani, hati za malipo ya fundi, na taarifa ya benki ya akaunti ya kijiji kwa miezi hiyohiyo.

Toeni nakala mbili. Moja inabaki ofisini, nyingine inapigwa muhuri wa kupokelewa na kuandikwa tarehe, kwani siku 30 zinahesabiwa kuanzia hapo. Mtendaji akikataa kugonga muhuri, aliyepeleka barua aandike nyuma ya nakala yake siku, saa na jina la shahidi, kisha nyingine itumwe kwa rejista ya posta. Nakala ziende kwa Mtendaji wa Kata, diwani na Mkurugenzi wa Halmashauri. Kisheria mtu mmoja anatosha kuomba, ila mkitia sahihi watu kumi hakuna atakayenyooshewa kidole peke yake. Na mikutano ya Baraza la Madiwani iko wazi kwa wananchi. Nendeni mkakae, hata kama hamruhusiwi kuchangia. Diwani anayewaona pale ukumbini hujibu tofauti na yule anayejua hakuna aliyekuja.

*Tuliitwa mkutanoni tukasaini karatasi ya mahudhurio. Miezi miwili baadaye tunaambiwa tumeridhia ardhi ya kijiji apewe mwekezaji. Je, ndiyo basi? (Wananchi, Mkinga)*

Hapana. Sahihi ya mahudhurio inathibitisha kwamba ulikuwepo, basi. Hila hii ni ya zamani, na inafanya kazi kwa sababu karatasi ile mara nyingi haina kichwa cha habari: mnasaini majina matupu, kisha ukurasa wa azimio unaandikwa ofisini na kubanwa mbele yake.

Hatua ya kwanza ni kuomba nakala ya muhtasari wenyewe, kwa utaratibu tuliomweleza ndugu yetu wa Muheza. Ukishaupata, usomeni pamoja na watu waliokuwepo siku ile. Je, tarehe ni ileile? Ajenda ya ardhi ilitangazwa kabla, au imejificha kwenye "mengineyo"? Ukubwa wa eneo umetajwa kwa hekta, pamoja na mipaka? Imeandikwa wangapi waliafiki na wangapi walikataa? Muhtasari unaosema "wote waliafiki" kwa mkutano uliokuwa na makelele unawapa hoja nzuri sana, ila mashahidi wenu waandike maelezo yao mapema, kila mmoja kwa mkono wake.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iko upande wenu. Halmashauri ya kijiji inaisimamia ardhi kama mdhamini tu. Haina mamlaka ya kuigawa bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Ardhi ya kijiji ikihamishwa kuwa ardhi ya jumla (isiyo tena chini ya kijiji) ili apewe mwekezaji, eneo lisilozidi hekta 250 linaamuliwa na mkutano mkuu wenyewe. Likizidi hapo, Waziri ndiye anayeamua, baada ya kupata mapendekezo ya mkutano huo. Na uhamisho haukamiliki kabla ya kukubaliana fidia: aina yake, kiasi, namna na wakati wa kulipwa.

Pelekeni pingamizi la maandishi kwa Mkurugenzi, kwa Afisa Ardhi wa Wilaya na kwa Kamishna Msaidizi wa Ardhi wa Mkoa. Mgogoro ukiwa wa jirani na jirani, unaanzia Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, wasiopungua watatu wakiwa wanawake. Baraza la Kata siku hizi linasuluhisha tu, haliamui tena kesi za ardhi, na usuluhishi ukishindikana ndani ya siku 30 mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Lakini mkitaka kuishtaki halmashauri yenyewe njia ni nyingine, na hapa kesi nyingi hufa: tangu mabadiliko ya mwaka 2020, lazima kwanza mtoe notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe, na kesi ifunguliwe Mahakama Kuu. Ukiruka notisi, kesi inatupwa bila kusikilizwa hoja zake, hata kama haki ni yako.

Kwa mikutano ijayo, msisaini karatasi isiyo na kichwa. Kila ukurasa uandikwe juu: "Mahudhurio ya mkutano wa tarehe fulani". Mtu wa mwisho akishasaini, mistari iliyobaki ipigwe mstari. Azimio lisomwe kwa sauti kabla watu hawajatawanyika, mikono ihesabiwe, na vijana wapige picha ukurasa huo kwa simu hapohapo. Haya yote ni kazi ya dakika kumi. Tunawasihi myafanye kila mkutano, hata ule wa kujadili choo cha shule.

*Huku kwetu asiyekwenda msaragambo (kazi ya pamoja ya kijiji) anatozwa shilingi 20,000, na akikosa, mgambo wanabeba kuku. Ni halali? (Mama wa watoto wanne, Lushoto)*

Msaragambo wenyewe hauna tatizo. Ibara ya 25 ya Katiba inakataza kazi ya shuruti, lakini haihesabu humo kazi za kawaida za ustawi wa jamii. Swali ni hiyo faini. Lazima itokane na sheria ndogo ya kijiji: halmashauri ya kijiji inapendekeza, mkutano mkuu unajadili, kisha Baraza la Madiwani la wilaya linaidhinisha. Mwombe Mtendaji akuonyeshe hiyo sheria ndogo yenye uthibitisho wa halmashauri ya wilaya. Kama haipo, faini haina miguu.

Kubeba kuku ni jambo jingine kabisa, mama. Mali ya mtu hukamatwa kwa amri ya mahakama. Mgambo aliyeingia uani akaondoka na kuku bila amri hiyo anaripotiwa polisi kama mtu yeyote aliyechukua cha mwenzake. Na fedha yoyote uliyolipa idai stakabadhi ya serikali, si kijikaratasi cha kuandika kwa kalamu. Sheria ndogo ikija kujadiliwa, simameni mtake wazee, wagonjwa na wajawazito watajwe humo kwamba wamesamehewa. Likiachwa kwa huruma ya kiongozi, kila mwenyekiti ataamua lake.

*Mimi nimeolewa hapa, kwetu si hapa. Ninaambiwa mkutano wa kijiji si wangu. (Pangani)*

Ni wako. Mkutano mkuu ni wa kila mkazi wa kawaida wa kijiji mwenye umri wa miaka 18 na zaidi. Ukoo, mume na mahali ulipozaliwa havimo katika sharti hilo.

*Sisi vijana wa Ngamiani tunataka kukusanyika kwa amani kuhusu mitaro na mafuriko ya mvua. Tunahitaji kibali cha polisi? (Tanga mjini)*

Mnachotakiwa kutoa ni taarifa. Sharti la kibali lilibatilishwa na Mahakama Kuu Dodoma katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila ya mwaka 1993. Sheria ya sasa inataka taarifa ya maandishi kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya (OCD) si chini ya saa 48 kabla, ikitaja mahali, muda na madhumuni. Pelekeni siku nne au tano kabla, mpate muda wa kuzungumza naye, na mtaje majina ya watu wawili watakaosimamia utulivu. Polisi anaweza kuzuia akiona amani itavunjika, na katazo hilo mliombe kwa maandishi. Msikusanyike kwa ubishi dhidi ya katazo. Lipelekeni kwa mwanasheria.

*Mwanangu kakamatwa. Nianzie wapi? (Baba, Makorora)*

Pole sana, mzee wetu. Uliza yuko kituo gani na kwa kosa gani. Ana haki ya kuambiwa sababu ya kukamatwa, na ya kuwasiliana na ndugu au wakili. Mahojiano ya kawaida ni saa nne, na yakiongezwa iwe kwa utaratibu wa sheria. Akikamatwa bila hati, anapaswa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, na ikishindikana apewe dhamana, isipokuwa kwa makosa mazito kama mauaji na uhaini. Dhamana ya polisi hailipiwi hata shilingi. Mdhamini aende na kitambulisho cha NIDA na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, kwa sababu wengi hurudishwa kwa kukosa barua hiyo tu. Mwambie mwanao asisaini maelezo kabla ya kuyasoma au kusomewa. Kama amepigwa, dai PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, siku hiyohiyo, maana majeraha hupona na ushahidi hupotea nayo.

Msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa haruhusiwi kukutoza, na Afisa Maendeleo ya Jamii atakuelekeza aliko. Jambo likiwa la kunyanyaswa na ofisi ya umma, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora inapokea malalamiko bure, kwa barua au kwa mdomo, ila haichunguzi lililoko mahakamani. Kwa hiyo, kabla hujafungua kesi, waulize kwanza.