Barua kwa mwanangu: ukishaketi mbele ya wasaili

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kwa nini umeitwa kwenye usaili mara 3 na kazi hukupata, ilhali vyeti vyako vinajitosheleza. Vyeti ndivyo vilivyokufanya uitwe. Ukishaketi, kwa kawaida wasaili wanakuwa na karatasi ya maswali yenye nafasi ya alama, na wanaandika unachosema. Unalolijua usipolisema halina alama.

Chukua tangazo la kazi na kalamu. Pigia mstari kila wanachotaka, maana maswali mengi hutoka humo. Kila mstari utafutie tukio moja la kweli, ulieleze kwa dakika 2: hali ilikuwaje, ulitakiwa ufanye nini, ukafanya nini, kikatokea nini. Wengi huzama kwenye hali. Husimulia ofisi nzima, na wakifika kwenye walichofanya wao, msaili ameshatazama saa.

Jihadhari na "tulifanya". Najua kujisifu kunakutia haya, lakini ukisema "tulipunguza malalamiko ya wateja", msaili hajui wewe ulishika wapi. Sema hivi: "Malalamiko mengi yalihusu mizigo kuchelewa. Nikaanza kuwapigia wateja siku moja kabla. Baada ya miezi 2, malalamiko yalishuka kutoka 20 kwa wiki hadi 6." Hizo namba ndizo atakazoandika. Usizibuni tu, kwani swali la pili litakuwa: ulizihesabuje?

"Jieleze" si kuulizwa ulizaliwa wapi. Taja unachofanya sasa, ulichowahi kufanya kinachofanana na kazi hii, na kwa nini unaitaka. Dakika moja na nusu yatosha. Jizoeze kwa sauti huku simu ikikurekodi; kichwani kila jibu ni tamu.

Swali usilolielewa omba lirudiwe. Kunyamaza sekunde 5 ukifikiri si kosa. Kwenye mshahara, ulizia mapema kazi kama hiyo inalipwaje, kisha utaje kuanzia kiasi fulani hadi fulani. Cha chini kiwe unachoweza kukikubali kweli, maana huenda wakakishika hicho hicho.

Wakikuuliza kama una swali, usiseme huna. Uliza wangependa uwe umekamilisha nini ndani ya miezi 3 ya kwanza.

Jumamosi jioni nipigie, tangazo likiwa mkononi. Nitakuuliza kama msaili, na nitakukatiza kila ukisema "tulifanya". Usininunie.

Mzazi wako