Kadi sita za mdakaji wa benchi: kwa anayeanza kukusanya

Nikiwaambia watu hapa Milwaukee kwamba nakusanya kadi za zamani za besiboli, swali la kwanza ni kama ninayo ya Hank Aaron, gwiji wa mchezo huo. Sina. Kwa mshahara wa ghala Aaron simuwezi. Mimi nakusanya za Bob Uecker, mdakaji wa akiba, yule anayekaa benchi kama golikipa wa pili akisubiri mwenzake aumie. Alicheza ligi kuu kuanzia 1962 hadi 1967, mechi 297 tu, na katika nafasi 731 za kupiga alipata mapigo 146: moja katika kila tano.

Nilimjua kwa sauti kwanza. Nilipofika mji huu nilipangiwa zamu ya jioni, na msimamizi wetu alikuwa na redio juu ya rafu. Mzee Uecker alikuwa akitangaza mechi za Brewers, timu ya hapa Milwaukee, kazi aliyoianza 1971, na kila akipata nafasi anajicheka mwenyewe. Utani wa Kiingereza nimejifunzia pale, nikifunga maboksi.

Sasa wewe unayeanza: chagua mtu mwenye kadi chache, umalize. Topps, kampuni iliyokuwa ikitia kadi kwenye paketi za jojo (bazoka ya utotoni nayo ilikuwa mali ya hao hao), ilimtoa Uecker mara sita katika seti zake za kawaida za kila mwaka. Ziandike kwenye karatasi uweke kwenye pochi: 1962 namba 594, 1963 namba 126, 1964 namba 543, 1965 namba 519, 1966 namba 91, 1967 namba 326.

Usidhani kwa kuwa alikuwa wa benchi zote ni rahisi. Umaarufu wa redioni umempandisha bei, hilo mosi. La pili, na hili linamhusu hata mchezaji ambaye hakuna anayemkumbuka, ni namba ya kadi ndani ya seti. Topps haikuchapa seti nzima kwa mkupuo. Ilitoa kwa awamu msimu mzima. Awamu ya mwisho ilipofika madukani watoto walikuwa wanarudi shule, akili zao zimehamia mpira wa miguu wa Kimarekani, na wenye maduka wanaagiza kidogo. Mwaka 1962 na 1964 awamu hiyo ilianzia namba 523. Rudi kwenye karatasi yako uone 594 na 543 zimeangukia wapi. Namba 91 na 326 utazipata kwa hela ya chakula cha mchana ikiwa hujali kona zilizochoka.

Ile 594 ndiyo iliyonifunza adabu. Uecker hayuko peke yake pale. Wamebanana wadakaji watano waliokuwa wapya ligini, yeye na Doc Edwards, Ken Retzer, Doug Camilli na Don Pavletich. Kadi za 1962 zina pambizo la rangi ya ubao, kahawia, na kahawia haifichi kitu: kona ikigongwa kidogo tu, karatasi nyeupe inachungulia. Niliiona moja kwenye maonyesho ya kadi, kona zote nne safi, bei nzuri kupita kiasi. Muuzaji akanihimiza, eti kuna mwingine anaitaka. Nikatoa pesa ya zamu mbili. Nyumbani nikaisogeza dirishani, nikailaza ubavu. Kadi ya kweli ukiitazama ubavuni unaona ukingo wa karatasi uliofifia rangi moja pande zote. Yangu ilikuwa na kahawia imeingia mpaka kwenye ukingo, kwenye kona mbili tu, na juu inang'aa kidogo. Mtu alikuwa amepaka maka peni. Kwa hiyo itazame ubavuni kabla hujatoa pochi, na anayekuharakisha mwache aende kwa huyo mwingine.

Kadi iliyokatwa upya ili ionekane kali ni magumashi ya aina hiyo hiyo. Beba kadi yoyote ya bei ya chini ya miaka ile uzilinganishe, kwani zote ni inchi 2.5 kwa 3.5. Kwa feki zilizoskaniwa, lenzi ya kukuzia inatosha: kwenye kadi halisi maandishi meusi ni wino mzima, kwenye nakala utaona yamevunjika vitone kama picha yenyewe.

Halafu geuza kadi. Wanaoanza wanapenda sura, lakini pesa mara nyingi iko nyuma. Mwishoni mwa Oktoba 1965 St. Louis Cardinals, timu yake ya wakati huo, walimpeleka Uecker kwa timu ya Philadelphia pamoja na Dick Groat na Bill White. Upande wa pili akaja Alex Johnson na wenzake. Kadi za mwanzo za 1966 zilikuwa tayari jikoni. Nyingine zikachapwa zikiwa na mstari nyuma unaosema mchezaji amehamishwa kwa kubadilishana, nyingine hazina. Namba 91 ya Uecker, 103 ya Groat na 104 ya Johnson zote ziko hivyo, na isiyo na mstari ndiyo adimu. Ya mstari ninazo tatu. Isiyo na mstari bado naitafuta, na nageuza kila 91 ninayokutana nayo, hata ile ya kwenye kikapu cha dola moja.

Kuhifadhi hakuna siri: kimfuko laini kwanza, kisha kasha gumu la plastiki, mbali na jua. Kupeleka kadi ipimwe hali yake na kupewa daraja la 1 hadi 10 acha kwanza; ada inaweza kuzidi thamani ya kadi yenyewe.

Ukifika kwenye namba 519 ya 1965 utamkuta amesimama na gongo la kupigia mpira kama mpigaji wa mkono wa kushoto. Uecker alipiga kwa kulia. Alimfanyia mpiga picha utani, na Topps wakaichapa vilevile. Kijana mmoja aliniwekea bei mara tatu akinong'ona kwamba hilo ni kosa adimu la kiwandani. Nikamwonyesha yangu. Akatoa nyingine kwenye boksi lake, akaitazama, akatoa na ya tatu. Zote gongo liko kushoto.