Mbona s ya dogs inasomwa z?

Hujasikia vibaya, dogs mwishoni ni z kabisa ila cats ni s. Weka vidole kooni useme sss halafu zzz, hiyo ya pili utahisi koo linatetema, ndo zile sauti ghuna (zinazotetemesha koo) na sighuna (zisizotetemesha) za Kiswahili cha sekondari (kumbe zina kazi). Sasa s ya wingi inaifuata sauti inayoitangulia, g ni ghuna basi inageuka z, t ni sighuna inabaki s, na ed ya wakati uliopita nayo hivohivo, walked inaishia t, played inaishia d. Ila usiangalie herufi, sikiliza sauti, laughs imeandikwa gh lakini inatamkwa f kwa hiyo hapo ni s tu.