Kocha anamtaka, lakini hana ufadhili

Ndugu, umeuliza kama kocha wa chuo cha Division III (ngazi ya tatu ya michezo ya vyuo) huko Marekani anakuzungusha anaposema anamtaka kijana wako lakini hana ufadhili wa soka. Hakuzungushi. Sheria za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko, zinakataza ngazi hiyo kutoa pesa kwa ajili ya michezo. Pesa ipo, ila hutoka ofisi ya misaada ya kifedha, kwa alama za darasani au hali ya kipato cha familia.

Kabla ya kushangilia jezi, tafuta kikokotoo cha gharama halisi kwenye tovuti ya chuo ujaze kipato chenu. Wenye biashara zao wasikiamini sana, mara nyingi hukosea. Kama kijana ni raia au mkazi wa kudumu wa Marekani, jazeni FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa serikali ya huko. Vyuo vingi binafsi hutaka na CSS Profile, fomu nyingine ya kueleza hali ya kifedha ya familia. Mkipitisha tarehe ya mwisho, fungu laweza kuwa limekwisha.

Kocha mwulize wazi: ofisi ya udahili imeshapitia matokeo yake? Unachukua wangapi wa namba yake? "Tunakupenda" si barua ya udahili. Tena jihadharini na maombi ya mapema yenye masharti yanayomfunga mwombaji (Early Decision): akikubaliwa, anatakiwa kufuta maombi kwingine, na hamtaweza tena kulinganisha misaada.