Mtoto, nepi na bwawa la melini: majibu ya maswali yenu

Likizo ya Agosti inakaribia, na barua nyingi juma hili zimetoka kwa familia zilizoalikwa na jamaa wa ng'ambo kupanda meli za kitalii pamoja na watoto wadogo. Nimechukua nne.

*Mwalimu, dadangu aliye Uingereza ametulipia safari ya meli. Mwanangu ana mwaka mmoja na nusu, bado yuko kwenye nepi. Nikimvisha nepi ya kuogelea, ataruhusiwa bwawani? – Mama, Milimani, Kisumu*

Mama, kwenye meli nyingi hataruhusiwa, na ni heri ulijue hilo kabla hamjapanda. Meli zinazofika bandari za Marekani hukaguliwa na CDC, taasisi ya serikali ya huko ya kudhibiti magonjwa, na kanuni zake haziruhusu mtoto ambaye hajazoea choo kuingia bwawa la kawaida. Kampuni nyingi hushikilia sheria hiyo hiyo hata meli ikiwa Ulaya.

Wana sababu. Nepi ya kuogelea huzuia choo kigumu tu. Mkojo hupita, na mtoto akiendesha, uchafu huvuja baada ya dakika chache. Halafu kuna kriptosporidiamu, kijidudu cha kuharisha kinachoweza kuishi zaidi ya siku 7 ndani ya maji yenye klorini ya kutosha. Fikiria hilo kwenye meli ya watu maelfu.

Baadhi ya meli za Royal Caribbean na Disney zina sehemu ya manyunyu iliyotengwa kwa watoto wa nepi. Lakini meli mbili za kampuni moja huweza kutofautiana, kwa hiyo dadako aulize kwa kutaja jina la meli yenyewe, na apewe jibu kwa maandishi. Kama sehemu hiyo haipo, beba beseni la kupuliza linalokunjika, umchezeshe maji bafuni. Umri huo, maji ya magotini ni furaha tosha.

*Kijana wangu wa miaka mitano amefunzwa kuogelea hotelini hapa Nakuru. Melini kuna waokoaji, sivyo? Na akivaa maboya ya mikononi, naweza kukaa kando nikamtazama? – Baba, Nakuru*

Ndugu, usitegemee waokoaji. Kampuni kadhaa wanao. Kwingine utakuta bango tu linalokuambia kila mtu anaogelea kwa hatari yake. Na hata akiwepo, macho yake yamegawanyika kwa bwawa zima, ilhali wewe una mtoto mmoja.

Mtoto anayezama hapigi mayowe. Pumzi ya kuita hana, mikono inasukuma maji badala ya kupunga, na ndani ya muda mfupi ameshuka kimya huku muziki ukivuma sitahani. Shirika la Afya Duniani linataja kuzama kuwa sababu ya nne ya vifo vya watoto wa mwaka 1 hadi 4 duniani. Jumapili kwenye hoteli zetu nawaona wazazi wamezunguka kidimbwi, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye anayetazama. Hilo hunikosesha raha kuliko kina cha maji.

Kwa hivyo ingia majini naye, awe mahali mkono wako unamfikia. Simu iache chumbani. Mkiwa wawili, pokezaneni kwa kutamka: "Sasa ni zamu yako." Maboya ya mikononi ni vitu vya kuchezea, hutoboka na huchomoka. Mvishe jaketi la kuokoa maisha linalolingana na uzito wake, nawe ubaki karibu vile vile. Nguo yake iwe ya rangi ya chungwa au waridi kali, maana ya buluu hupotea majini. Bahari ikichafuka wahudumu wakafunga bwawa kwa wavu, msibishane nao.

*Tunaweza kumfanyisha mtoto wetu mazoezi ya kuogelea Ziwa Victoria, pale Dunga, Kisumu, badala ya kulipa hotelini? – Baba, Nyalenda*

Tafadhali usifanye hivyo. Kichocho kipo, kikitoka kwa konokono wa ziwani na kupenya ngozi nzima isiyo na jeraha. Viboko wapo pia, na maji hayaonyeshi chini. Lipa kidimbwi safi, umfunze kuelea chali, kugeuka na kushika ukingo. Ikiwa mtoto ameshaoga ziwani, mpeleke apimwe. Kichocho kina tiba.

*Mwanangu anataka niandamane nao niwaangalie wajukuu bwawani wazazi wao wakipumzika. Sijui kuogelea. Nikatae? – Nyanya, Kakamega*

Shikamoo nyanya. Safari nenda, kazi hiyo ndiyo uikatae, na umwambie waziwazi. Asiyejua kuogelea hawezi kumtoa mtoto majini, na wengi wamezama wakijaribu. Wewe washike wajukuu kivulini na kwenye manyunyu, uwapake losheni ya kukinga jua kila baada ya saa mbili. Ngozi nyeusi nayo huungua.

Kisha jifunze huduma ya kwanza. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya na St John Ambulance hutoa mafunzo. Mtoto aliyetolewa majini akiwa hapumui hupewa pumzi kwanza, halafu kifua kinabonyezwa, huku mtu mwingine akiita wahudumu wa meli. Mwambie mwanao alipie nafasi mbili, yako na yake.