Sekondari ya mtoto anayependa michezo

Dada, umeuliza binti yako mkimbiaji umpeleke shule yenye vikombe vingi au yenye matokeo mazuri. Mi naona vikombe visikubabaishe kabisa, nenda pale jioni saa za mazoezi ukae pembeni umwangalie kocha anavyoongea na watoto, hasa wale wanaoshindwa, na uangalie wangapi wanacheza kweli maana kuna shule wanacheza kumi na moja wengine wote kazi yao kushangilia tu, wakati Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema umri wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji kwa wastani angalau dakika 60 kwa siku za kuushughulisha mwili. Alafu uliza akikosa vipindi sababu ya mashindano nani anamfundisha alivyokosa. Na akiumia je? Wangu aliumia goti wakamrudisha uwanjani kabla hajapona, iliniuma sana. Uende naye lakini, yeye ndo atasoma hapo.