Ziwa lisikudanganye: kwa mnaoanza kupanda milima ya Kigoma

Nikimwuliza mgeni amebeba maji kiasi gani, jibu huwa lile lile: "Chupa moja, kaka. Si ziwa hili hapa?" Na kweli lipo. Utalitazama kutwa nzima, limetulia, milima ya Kongo imejichora ng'ambo kama moshi. Ila ukishafika juu ya mgongo wa mlima, kulifikia ni saa mbili za kushuka, na kiangazi unaweza usikute hata tone njiani. Karibu makosa yote niliyoyaona kwenye milima hii, yangu yakiwa ya kwanza, yalianzia hapo: mtu anaona maji, moyo unamwambia keshafika nyumbani.

Tuanze na mahali penyewe. Uso wa Ziwa Tanganyika uko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari. Migongo ya Gombe, hifadhi ya taifa ya sokwe iliyo kando ya ziwa, inapita mita 1,500, na hifadhi yenyewe ni kiukanda tu, kutoka ufukweni hadi juu haifiki kilomita nne. Piga hesabu mwenyewe. Huu ni ukuta wa Bonde la Ufa: ardhi ilikatika, upande mmoja ukazama ukawa ziwa lenye kina cha karibu mita 1,470, mwingine ukabaki umesimama. Kwa hiyo usitegemee njia ya kupinda-pinda taratibu kama barabara ya gari. Njia nyingi za huku zilifunguliwa na watu wenye mizigo kichwani na haraka ya kufika, na mtu wa namna hiyo hukata moja kwa moja.

Halafu jua. Waliotoka Dar hapa ndipo huumbuka, maana saa ya ukutani ni moja lakini jua la Kigoma linachelewa karibu dakika arobaini. Saa kumi na mbili asubuhi bado kiza, nikisema tuondoke saa kumi na mbili na nusu mnaona ninawatesa. Lakini mteremko wote unatazama magharibi. Asubuhi mlima ndio mwavuli wako. Mchana mwavuli unafungwa, na kuanzia saa nane jua linakupiga usoni, kisha lile lililoanguka ziwani linarudi kukupiga kwa chini. Anayeanza kupanda saa nne amejitafutia kichwa kuuma. Mimi nataka saa tano niwe juu, nimekaa, nakula.

Maji ni lita tatu kwa kichwa, Julai hadi Oktoba nne. Najua ni mzigo. Chakula nachopenda ni mihogo ya kuchemsha na karanga zenye chumvi, kwa sababu jasho linatoka na chumvi yake na maji matupu hayairudishi. Biskuti nimezikataa siku nyingi, zinakausha kinywa. Na ukiwa Gombe usile mbele ya nyani. Hatakuomba.

Sasa kushuka, maana kupanda hakujawahi kunisumbua kichwa. Kupanda unachoka tu, unapumzika, unaendelea. Watu huumia wakirudi. Kiangazi nyasi zimekauka na kulala juu ya changarawe, unakanyaga kama mahindi yaliyomwagwa kwenye sakafu ya saruji. Kwenye vipande vya mgongo njia ina upana wa nyayo mbili, kushoto mteremko, kulia mteremko, na upepo wa kusi unakusukuma begi. Hapo ndipo mgeni hutoa simu kupiga picha ya ziwa huku anatembea. Hapana. Ukitaka kutazama ziwa, simama. Ukitembea, tazama unapokanyaga.

Kabla hujaanza kushuka, kaa chini ufunge kamba za viatu upya, kisigino kirudi nyuma kabisa. Usipofanya hivyo kucha za vidole gumba zitakuambia kesho. Hatua ziwe fupi, magoti yalegee kidogo, utue kwa wayo mzima. Wengi huegemea nyuma kwa woga, na ndiko kunakowaangusha, kwa sababu uzito unahamia kisigino na kisigino hakina meno. Njia ikikata ubavu wa mlima, fimbo iwe mkono wa upande wa juu. Ukihisi unateleza, kaa kitako mara moja. Suruali itachanika, basi ichanike. Usishike nyasi, zinang'oka. Na msishuke mmoja juu ya mwingine kwenye mteremko wa mawe: subiri mwenzako afike mahali patulivu ndipo uanze. Jiwe likiponyoka, piga kelele "Jiwe!" hata kama ni dogo kama limau.

Nilichojifunza kwa gharama kubwa zaidi ni hiki cha mabonde. Mwaka wangu wa pili tulikuwa watatu, nje ya hifadhi, kwenye milima iliyo juu ya vijiji vya kusini mwa Gombe. Maji yalituishia saa saba. Chini yetu tukaona korongo lenye miti ya kijani, tukasikia maji. Mwenzetu mmoja akasema, maji yote ya huku yanaishia ziwani, tuyafuate. Hoja haikuwa na kasoro, na mimi ndiye niliyekuwa mbele, nikaikubali. Tukashuka nusu saa tukining'inia kwenye mizizi, tukakuta kijito, tukanywa, tukacheka. Mita chache mbele kijito kikakatika. Kilikuwa kinamwagika kwenye genge ambalo sikuona mwisho wake, na mwamba wa pembeni wote umeota utelezi wa kijani. Kugeuka nyuma, mizizi tuliyoshukia mingine tulikuwa tumeing'oa wenyewe. Kipande cha nusu saa kilituchukua saa mbili kukipanda, na giza lilitukuta mgongoni na tochi ya simu moja yenye chaji asilimia tisa.

Mabonde ya ukuta huu yana tabia hiyo: kijito, poromoko, kijito. Ndani ya Gombe bonde la Kakombe lina maporomoko ya kama mita 25, mazuri sana ukiyatazama kutoka chini. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mtafiti kijana aliyekuwa akifuatilia sokwe hapo Gombe alianguka kwenye genge akafa, na hakuwa mgeni wa siku moja. Kwa hiyo ukipotea, rudi mgongoni, hata kama miguu inakataa. Ukiwa mgongoni unaona njia na paa za vijiji, na simu ina nafasi nzuri zaidi ya kupata mtandao. Bondeni unaona majani.

Mvua zikianza, Novemba hadi Aprili, adui ni radi. Kwenye mgongo ulio wazi, wewe ndiye mrefu kuliko vyote. Wingu likigeuka jeusi upande wa Kongo, usisubiri likuvukie ziwa. Shuka kwa njia uliyopandia, na usijibanze chini ya mti uliosimama peke yake.

Ya hifadhini nayapita haraka: lazima uwe na mwongozaji, kwa sokwe kaa umbali wa mita kumi, na ukiwa na mafua baki nyumbani, maana yanawaua.

Kila kikundi kipya hakikosi mtu anayeuliza habari za mlima Nkungwe, kule Mahale, hifadhi nyingine iliyo kusini zaidi kando ya ziwa hili hili. Nkungwe ina mita 2,462. Ukitoa urefu wa ziwa, umebaki na karibu mita 1,700 za kupanda, zaidi ya mara mbili ya Gombe, unalala njiani, na juu ni baridi kuliko ufukweni kwa kama nyuzi kumi. Unakwenda na askari wa hifadhi mwenye bunduki, na Watongwe, wenyeji wa huko, wanauheshimu kama mlima wa mizimu, kwa hiyo hata kelele punguza. Ndani ya Mahale hakuna barabara ya kukuchukua ukichoka. Ni miguu tu, na boti ziwani.

Kwa hiyo msinipigie simu ya Nkungwe wiki ijayo. Nipigieni siku mtakaposhuka Gombe bila kushikwa mkono, na mkifika ufukweni chupa moja kwenye begi haijafunguliwa.